Mchanga Mweusi



Ukitembea ufukoni Kigamboni, huku kwetu ambako zamani kulihesabiwa katika Temeke, utaona mistari ya mchanga mweusi. Ni mchanga mzito wenye madini: mengine hutengeneza rangi nyeupe ya nyumba, mengine vigae. Huoshwa kama mama aoshavyo mchele, vizito vikabaki chini. Pale Fungoni kampuni ya Strandline ya Australia iliutafiti, na Desemba 2021 Serikali ilitia sahihi mapatano nayo, yenyewe ikiwa na hisa 16 kwa mia. Kwa jirani zetu wa Kwale, Kenya, shehena ya kwanza ilisafiri 2014, uchimbaji ukaisha mwisho wa 2024.

Basi mtu wa keekee akija shambani kwako, usimfukuze, wala usiuze kwa hofu. Leseni ya utafiti si hati ya shamba. Sheria ya Madini ya 2010 yadai idhini yako ya maandishi kabla hajafanya kazi ndani ya meta 200 za nyumba au meta 50 za shamba lililolimwa. (Ukikataa bila sababu ya haki, Waziri aweza kuiondoa idhini hiyo. Kwa hiyo sababu yako iseme mkutanoni, iandikwe.) Hata mfalme Ahabu alianza kwa kumwuliza Naboti.

Lakini siku ya kupotea mali ni siku ya uthamini. Mama mmoja alikuja ofisini kwangu analia. Kwake ilikuwa barabara, si mchanga, ila fomu ni zile zile. Aliandikwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama aitwavyo kijijini. Kitambulisho kikasema jina jingine. Minazi yake, fedha hapewi! Tulifungua kitabu cha ubatizo, tukamwona, akaenda kuapa mahakamani. Alilipwa, walakini mvua mbili zilikuwa zimepita.

Siku hiyo baba na mama wote wawepo shambani. Hesabuni minazi, mikorosho, kisima, hata choo. Makaburi semeni mapema, yana sheria yake ya 1969. Jina liwe la kitambulisho. Msitie sahihi fomu yenye nafasi tupu, na mwombe nakala. Fidia si ya ardhi na mazao tu, kuna posho ya usumbufu na ya usafiri, na ikipita miezi sita haijalipwa hudai riba. Nanyi waume mpendao kwenda peke yenu, nimeona nyumba zikivunjika kwa fedha hizo.

Atakaye cheti cha ubatizo aje na mwaka wake na jina la msimamizi. Waliobatizwa parokia nyingine waandike huko sasa, kwa kuwa vitabu vya zamani vimeliwa na mchwa, na kuvisoma huchukua siku.