Sherehe Nusu, Vitabu Nusu

Mwezi jana mimi na mzee wa nyumba tulinuniana siku mbili nzima! Kisa? Sherehe ya miaka mitano ya ndoa yetu. Mimi nilishachagua ukumbi, yeye anasema nusu ya pesa ziende maktaba ya Kaloleni. Eti maktaba! Nikamuuliza, kwani hiyo si kazi ya kaunti?

Jumamosi akanipeleka. Akanionyesha meza moja, akasema polepole, "Mama watoto, nilisomea hapa mtihani wa kidato cha nne. Nyumbani tulikuwa saba, taa moja." Miaka mitano nalala naye, sikujua hilo.

Kaloleni ni tawi la McMillan, maktaba iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, enzi hizo Mwafrika haruhusiwi kuingia. Tangu 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, kupitia shirika lao la Book Bunk, wamekuwa wakichangisha pesa za kuikarabati pamoja na matawi yake.

Basi, ukumbi tuliuacha, tukapika pilau nyumbani. Ushauri wangu: kabla hujabeba makatoni ya vitabu vikuukuu, uliza kwanza wanahitaji nini. Na mwenzako je, umewahi kumuuliza alisomea wapi?