Pima Kwanza, Ndipo Ubadilishe: Alteneta ya Mzee na Mchezo wa Kubahatisha

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili, na sababu si kazi ya ofisi wala intaneti kukatika. Nilikuwa Nakuru nyumbani kwa wazazi, nimeinama juu ya injini, mikono imejaa grisi. Kwa hivyo leo hakuna mistari ya programu. Leo nina hasira, na nitazitoa hapa hapa.

Mzee ana gari la familia, SUV kubwa ya kutoka Japani, umri wake miaka 18. Ndilo linalompeleka mama kanisani, wajukuu shuleni na magunia ya viazi sokoni. Mwanzoni mwa mwaka likaanza kugoma asubuhi. Fundi wa kwanza akalitazama, akatikisa kichwa, akasema: "Mzee, hii ni betri." Mzee akatoa shilingi 13,000. Miezi mitatu baadaye, yale yale. Fundi wa pili akacheka: "Ulipigwa, mzee, hiyo betri ni feki." Shilingi 13,000 nyingine. Piga hesabu mwenyewe. Shilingi 26,000 zimekwenda, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetoa mita mfukoni akapima kitu.

Kisha ikaja ile safari ya usiku, wakitoka mazishi Eldoret. Taa zikaanza kufifia, redio ikanyamaza, injini ikazima. Wapi? Salgaa. Mkenya yeyote anayeijua barabara ile ameshanielewa. Gari limesimama gizani bila taa hata moja, malori yanateremka, na ndani yuko mama na watoto wawili wa dada yangu. Mzee wangu alisimama kando ya lami akipunga mwanga wa simu mpaka msamaria mmoja akaja kuwavuta.

Walipona. Lakini jamani, kupona kwa bahati si mpango wa usalama.

Sasa nisikilizeni. Sisi tunaoandika programu tunaujua ugonjwa huu vizuri. Programu ikianguka, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hubadilisha mstari huu, akabadilisha ule, huku akimwomba Mungu. Anayeijua kazi hufungua kwanza kumbukumbu za hitilafu, akasoma kilichotokea, ndipo aguse kitu. Gari nalo lina kumbukumbu zake. Zinaitwa volti. Na mita ya kuzisoma inapatikana Nairobi kwa chini ya shilingi 1,500!

Mambo yenyewe si uchawi. Kazi kubwa ya betri ni kuwasha injini. Injini ikishaunguruma, alteneta ndiyo inayolisha taa, redio na kompyuta ya gari, na kuijaza betri tena. Mkanda wa injini huizungusha rota. Brashi mbili ndogo za kaboni huipelekea rota umeme kidogo ili iwe sumaku. Nyaya zinazoizunguka hutoa mkondo geu, dayodi huugeuza kuwa mkondo mnyoofu, na regyuleta huzuia volti zisizidi. Sehemu moja ikifa, betri hubaki ikibeba mzigo wote peke yake hadi iishe. Ndiyo maana betri mpya ya mzee ilionekana kuwa tiba kwa muda. Ilikuwa mtungi uliojaa, lakini bomba limekatika.

Vipimo nilivyofanya ni hivi, na havikunichukua hata dakika 15:

1. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu hivi.

2. Washa injini, pima tena kwenye betri. Magari mengi ya umri huu husoma kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni, volti zisiporomoke. La mzee lilisoma 12.1 na likaendelea kushuka. Kesi karibu imekwisha hapo.

3. Injini ikiunguruma, geuza mita kwenye mkondo geu. Ukiona zaidi ya nusu volti hivi, shuku dayodi.

4. Pima kwenye alteneta yenyewe, kisha kwenye betri. Kama alteneta inatoa 14 na betri inapokea 12.5, mkosaji ni waya au kiungio chenye kutu. Wangapi wameuziwa alteneta nzima kwa sababu ya nati iliyolegea?

(Angalizo: baadhi ya magari mapya huachia kompyuta ipandishe na kushusha volti ili kuokoa mafuta. Humo unaweza kusoma 12.8 na kusiwe na ubaya wowote. Soma kitabu cha gari lako kabla ya kuhukumu.)

Kuna kipimo kingine ambacho ningependa kizikwe leo. Fundi anachomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, anasema, "Likizima, alteneta imekufa." Loh! Betri ndiyo inayotuliza mfumo. Ukiichomoa ghafla wakati alteneta inafanya kazi, volti zinaweza kuruka kupita 40, na njiani zikakaanga kompyuta ya gari. Kwa magari ya zamani yasiyokuwa na vifaa vya elektroniki, labda ungenusurika. Kwa gari la leo, huko si kupima, ni kamari kwa pesa za mteja.

Kazi yenyewe ya kubadilisha tuliifanya mimi na mzee, yeye akishika tochi na kutoa maagizo ambayo sikuyaomba. Nilipiga picha kila kitu kwanza. Kisha nikatoa waya hasi wa betri, kwa sababu ule waya mnene wa alteneta unatoka moja kwa moja kwenye betri na una umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Gusisha spana kati yake na bodi uone fataki! Nikaulegeza mkanda, nikachomoa plagi, nikafungua nati ya ule waya, halafu bolti mbili. Saa tatu jumla, moja nzima ikiwa ni ya bolti ya chini iliyoshikwa na kutu. Alteneta ya pili nilikuwa nimeinunua Grogan, Nairobi, baada ya kulinganisha picha zangu: plagi, mifereji ya puli, na matundu ya bolti. Tukawasha. Volti 14.2. Mzee akasema tu, "Haya," na kwa mzee wangu hiyo ni hotuba ndefu.

Hapo ndipo nilipoifungua ile ya zamani kwa udadisi. Beringi, nzima. Nyaya, nzima. Brashi zimelika zikabaki vipande vya kucha. Brashi! Kitu cha shilingi mia chache. Kwa hiyo nami nakiri kosa langu: nilipima hadi mlangoni, nikaacha kupima ndani. Ningeifungua kabla ya kwenda Grogan, ningeokoa pesa. Kanuni ni ile ile, nami imeniumbua.

Najua yatakayosemwa, kwa hivyo niyajibu.

"Wakati wako ni ghali, mlipe fundi." Sawa. Mzee aliwalipa mafundi wawili, akalala Salgaa. Ghali ni ipi?

"Unawanyima mafundi wa jua kali riziki." Hapana. Fundi anayepima namheshimu kuliko wengi wenye vyeti ukutani. Na hapa lawama igeuke, itupate sisi wateja. Tunalipia kipuri bila kubisha, lakini fundi akisema, "Nataka shilingi 1,000 ya kuchunguza tatizo," tunamwita mwizi. Tunataka uchunguzi uwe bure, halafu tunashangaa anapata riziki yake kwa kutuuzia betri. Mfumo unampa zawadi anayebahatisha, na unamwadhibu anayefikiri. Huo mfumo tuliujenga sisi.

"Magari ya siku hizi ni kompyuta, huwezi." Huko ndiko ninakoogopa zaidi. Kuna magari ambayo betri mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta yake kwa kifaa maalum. Katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, wapiga kura walipitisha mwaka 2012 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji watoe taarifa za ukarabati, kisha mwaka 2020 wakapiga kura tena ili data inayorushwa hewani nayo iingie. Sisi tunaopigania programu huria, hapo tumekaa wapi? Mashine usiyoruhusiwa kuifungua umeikodi tu, hata kama jina lako liko kwenye logbook.

Siwaambii nyote mvue mashati mkaingie chini ya magari. Ukiwa na gari la haibridi lenye nyaya za rangi ya chungwa, usiziguse kabisa. Hizo zina volti mamia na zinaua. Na kama bolti zinakutisha, mpelekee fundi. Lakini nenda na namba zako. Mwambie, "Fundi, likizimwa linasoma 12.2, likiwashwa 12.1." Utaona mazungumzo yanavyobadilika.

Jumamosi hii nunua mita. Pima gari la baba yako, la shangazi, la jirani anayesukumwa kila asubuhi. Kisha andika hapa chini umesoma ngapi, nami nitakujibu. Ila asije mtu akaniambia, "Nadhani ni betri." Umepima?