Kijana, usinunue wanga kwa bei ya nyama!

NDUGU msomaji, kuna biashara imeingia mijini kimya kimya na inawamaliza vijana mifukoni. Si bahati nasibu, wala si kamari ya mpira. Ni biashara ya makopo ya kutunisha misuli. Makopo makubwa kama ndoo za rangi, yamechorwa baunsa wa Kizungu mwenye kifua kama mlango wa benki, yamepangwa rafu ya juu kabisa dukani, pale ambapo huwezi kulishika kopo na kulisoma mpaka umwombe muuzaji akushushie.

Kijana anajinyima. Wa bodaboda anapunguza mlo wa mchana. Mbeba magunia kwenye mashine za kukoboa mpunga pale Ifakara anaweka akiba miezi miwili. Mkata miwa wa Kidatu anakopa. Siku ya siku analibeba kopo kifuani kama kombe, anapita nalo kijiweni ili kila mtu alione. Swali letu ni moja tu: amenunua nini?

Kwanza tuelewane. Hatuko hapa kumcheka anayepiga vyuma. Tunazijua jimu za uswahilini, ekseli ya lori na ndoo mbili zilizojazwa saruji, benchi la mbao, kioo kilichovunjika pembe. Mlalahoi hana mtaji mwingine zaidi ya mwili wake. Mwenye mabega anapata kazi ya ulinzi mlangoni, anapata tripu moja zaidi ya magunia, na akitembea usiku vibaka wanafikiri mara mbili. Kujenga mwili ni jambo la maana. Ndiyo maana inatuuma kuona wajanja wachache wanaligeuza kuwa mradi wa kuwakamua.

Sasa tulifungue kopo. Yapo mengi, lakini yanayokula pesa nyingi ni ya aina mbili. La kwanza limeandikwa "Whey". Hii ni protini itokanayo na maji yanayobaki maziwa yakigandishwa kuwa jibini. La pili limeandikwa "Mass Gainer", yaani la kuongeza uzito, na hili ndilo linalopendwa na vijana wembamba kwa sababu ni kubwa na muuzaji anasema "linajaza haraka".

Geuza kopo, tazama nyuma. Acha baunsa wa mbele, yeye analipwa kupigwa picha. Nyuma kuna jedwali dogo, maandishi ya kusomea miwani. Humo utaona mstari wa protini na mstari wa wanga, ule ulioandikwa "Carbohydrate". Kwenye makopo mengi ya kuongeza uzito, wanga ni mara nne au tano ya protini. Wanga wenyewe mara nyingi ni maltodekstrini, unga unaotengenezwa kwa mahindi, viazi au mchele, pamoja na sukari na harufu ya chokoleti.

Tumesema mchele! Kijana wa Ifakara, aliyezaliwa katikati ya bonde la mpunga, ambaye mchele wa kwao unatafutwa mpaka Kariakoo, anayeishi kilomita chache kutoka kituo cha utafiti kilichoipa nchi mbegu ya SARO 5, anatoa pesa kununua wanga uliovuka bahari. Nyumbani mama amepika ugali, anauacha, anakoroga unga wa mahindi ya Wazungu. Kama hili si changa la macho, basi hatujui changa la macho ni nini.

Tufanye hesabu, kalamu mkononi. Bei zinabadilika kila wiki, kwa hiyo hizi tunazitaja kwa mfano tu, wewe weka za dukani kwako. Tuseme kopo la kuongeza uzito la kilo 3 ni shilingi 210,000, na nyuma limeandika kwamba katika kila gramu 100 za unga, protini ni 15 na wanga 75. Maana yake umebeba protini gramu 450 na wanga kilo mbili na robo. Gawa bei kwa protini: kila gramu moja imekugharimu karibu shilingi 467. Tuseme kopo dogo la "Whey" la kilo 1 ni shilingi 150,000, na kila gramu 100 zina protini 75. Hapo umepata gramu 750, kila moja shilingi 200. Umeona? Kopo dogo ambalo kijiweni wangelicheka lina protini nyingi zaidi kuliko lile ndoo, na bei iko chini.

Sasa toka dukani, nenda sokoni. Yai moja lina protini gramu 6 hivi. Likiuzwa shilingi 400, gramu inakuja kama shilingi 67. Maharage makavu yana zaidi ya gramu 200 katika kilo. Kwa shilingi 3,000 kilo, gramu moja haifiki shilingi 15. Dagaa wakavu ndio wababe wenyewe, nusu ya uzito wao au zaidi ni protini. Kilo ikiwa shilingi 12,000, gramu moja ni kama shilingi 24, na hao wanakuja na chokaa ya mifupa juu yake. Bado hatujawagusa perege na kambale wa mto Kilombero wenyewe.

Atatokea msomi mmoja aseme protini ya maharage ni duni kuliko ya maziwa. Ni kweli kiasi. Maharage yamepungukiwa kitu ambacho mchele unacho, na mchele umepungukiwa kitu ambacho maharage yanacho. Ukila wali kwa maharage, upungufu umezibwa. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini sahani waliipanga sawasawa.

Je, mpiga vyuma anahitaji kiasi gani? Mwaka 2018 jarida la madaktari wa michezo la Uingereza lilichapisha majumuisho ya tafiti 49 juu ya suala hili. Walikuta kwamba faida ya protini kwa misuli inafika ukingoni karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Ukizidisha, kwa wengi misuli haiongezeki tena. Mwenye kilo 65 anahitaji kama gramu 104. Mayai matatu, robo kilo ya maharage yaliyopimwa yakiwa makavu, gramu 50 za dagaa na wali wa gramu 300 za mchele, hapo tayari umezipita gramu 110. Kwa bei zile za mfano wetu ni kama shilingi 3,500, weka na mafuta na mkaa. Protini ya gramu 104 kutoka kopo la "Whey" ingekula zaidi ya shilingi 20,000 kwa siku. Kutoka kopo la kuongeza uzito ni karibu 48,500. Kwa siku moja!

Haki itendeke lakini. "Whey" halisi si sumu, na si uongo. Dereva wa lori anayelala njiani, au mtu asiye na pa kupikia, kijiko kimoja cha gramu 30 chenye protini 20 na kitu kinamsaidia. Na kuna unga mwingine mweupe, kreatini, ambao tafiti za miaka mingi zimeukubali kwamba unaongeza nguvu. Unatumika gramu 3 hadi 5 kwa siku, kwa hiyo kikopo cha gramu 300 kinakaa miezi miwili au zaidi. Nunua ile ya kawaida iitwayo monohaidreti, isiyo na rangi wala majina ya kutisha. Ukimaliza hapo, mengine mengi rafuni ni mapambo. Zile amino asidi za kuchanganya kwenye maji tayari zimo ndani ya yai lako.

Zipo hila ambazo hata kusoma jedwali hakutoshi. Protini mara nyingi inapimwa maabara kwa kuhesabu naitrojeni. Wajanja wanajua. Mtengenezaji anaweza kutia glisini, ambayo ni rahisi, kipimo kikapanda na misuli yako isipate kitu. Ukiona glisini au taurini imetajwa mwanzoni kwenye orodha ya vilivyomo, kopo lirudi rafuni. Hila ya aina hiyo hiyo iliua China mwaka 2008. Walitia melamini kwenye maziwa ya unga ili kipimo kionyeshe protini, watoto wapatao 300,000 wakaugua, 6 wakafa.

Msidhani Marekani ni tofauti kwa vile kopo limeandikwa limetoka huko. Sheria yao ya mwaka 1994 inaruhusu bidhaa hizi ziingie sokoni bila mtengenezaji kuthibitisha kwanza mbele ya serikali kwamba zinafanya kazi. Kati ya 2007 na 2016 mamlaka yao ya chakula na dawa iliorodhesha bidhaa 776 zilizokutwa na dawa za siri ndani yake. Nyingi zilikuwa za nguvu za kiume na za kupunguza unene, lakini za misuli zilikuwemo. Kama kwao hali ni hiyo, lile lililopita bandari tatu kabla ya kufika Kariakoo, likapakiwa basi mpaka Ifakara, litakuwaje?

Na hapa tuzungumze kiume. Kopo likishindikana bei, kijana anaelekezwa kwenye vidonge vya kunenepesha. Anaambiwa "vitamini". Vingi vya mtindo huo ni siproheptadini, dawa ya aleji inayoleta njaa na usingizi, ikiandamana na deksamethasoni. Kinshasa watafiti wameandika juu ya watu wanaozimeza pamoja ili wanenepe. Deksamethasoni inaujaza uso maji, kijana anajitazama kwenye kioo anafurahi, kumbe ndani inapandisha sukari, inadhoofisha mifupa, na inaila misuli ile ile anayoitafuta. Sindano za homoni nazo zina kodi yake: ukiingiza testosteroni ya chupa, mwili unaacha kutengeneza ya kwake, korodani zinasinyaa, mbegu zinapungua au zinakwisha. Kifua cha baunsa, nyumba haina mtoto.

Hatutaki kudanganya kwamba cha sokoni chote ni salama. Karanga zenye ukungu zisiingie mdomoni hata kama ni za bure. Sumukuvu iliua watu wapatao 20 kule Dodoma na Manyara mwaka 2016. Chagua, pepeta, tupa zilizosinyaa na zilizobadilika rangi.

Sasa serikali. Hadi mwaka 2019 chakula na dawa vilikuwa chini ya TFDA. Mwaka huo chakula kikahamishiwa TBS, na mamlaka ya zamani ikageuka TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba. Sawa. Lakini kopo la misuli limekaa kwenye rafu ya duka la dawa, limeandikwa ni chakula, na muuzaji analisifia kama dawa. Nani analigeuza na kulisoma kwa niaba ya mlalahoi? Haiingii akilini kwamba mwananchi wa Ifakara alinde afya yake kwa kukodoa macho kwenye maandishi ya Kiingereza ambayo hata mwenye duka hayaelewi.

Bonde hili si geni kwa ukaguzi. Miaka ya 2000 watafiti wa kituo cha Ifakara, ambacho leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, waliwatuma watu wajifanye wateja kwenye maduka ya Kilombero na Ulanga waone mgonjwa wa malaria anauziwa nini. Baadaye ukaja mpango wa maduka ya dawa muhimu, wauzaji wakapewa mafunzo. Kilichowezekana kwa malaria kinashindikanaje kwa makopo? Tunataka orodha ya makopo yaliyosajiliwa ibandikwe ukutani dukani, kwa Kiswahili, mteja alinganishe kabla hajatoa pesa.

Wakati tunasubiri, ukiwa lazima ununue, fanya hivi. Lishushwe kopo ulishike mwenyewe. Tazama tarehe ya mwisho na namba ya toleo. Kama vimekwanguliwa au vimebandikwa juu ya vingine, ondoka. Kizibo cha ndani kiwe hakijatobolewa. Kama kopo limeachwa dirishani likipigwa na jua la Ifakara, unga umeshikana mabonge, liache. Usikubali kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni, hapo hujui umepewa "Whey" au unga wa ngano. Dai risiti ya mashine, maana bila hiyo huna pa kurudi kulalamika.

Na jambo moja la mwisho ambalo halina gharama. Baraza la madiwani la halmashauri yako linakutana kila robo mwaka, na kikao ni cha wazi, unaruhusiwa kukaa ukasikiliza. Mkamate diwani wako kabla hakijaanza, mpe swali kwa maandishi: katika miezi 12 iliyopita ni maduka mangapi ya mji huu yamekaguliwa kwa ajili ya makopo na vidonge vya kunenepesha, na ni mangapi yameondolewa rafuni? Aje na jibu la namba.