MRIJA USIWE WA KUNYONYA

Tangu Juni Mosi, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Hatua ile ilikuwa njema. Lakini ililenga mifuko, si mirija. Abiria ashukaye Gairo, katika barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, hunywa soda kwa dakika chache. Mrija hutupwa mtaroni, ukabaki huko miaka mingi.

Wako wasemao kwamba dawa ni mrija wa mabaki ya mimea na wanga. Kazi yenyewe si miujiza. Mabaki husagwa, huchemshwa kwa magadi mpaka nyuzi zilainike, huoshwa, kisha huchanganywa na uji wa wanga. Mchanganyiko huo huviringishwa kuwa mrija, hukaushwa, na hupakwa nta ya nyuki usilowe upesi.

Twaafiki. Lakini yafaa kuuliza: mabaki yapi, na wanga wa nani? Gairo ni nchi ya mahindi, maharage na alizeti, na mvua yake si ya kutegemewa. Mabua ambayo mtu wa mjini huyaita takataka, kwa mfugaji ni malisho ya kiangazi, na kwa mkulima ni nguo ya udongo. Wanga wa mahindi nao ni ugali uliobadilishwa jina. Kiwanda kikiyagombania hayo mwezi wa njaa, kitamnyonya mkulima. Nasi tangu siku za Azimio la Arusha, 1967, twajua maana ya kukata mirija.

Kwa hiyo twashauri: kazi ianze na magunzi na maganda ya alizeti yazidiyo mahitaji ya nyumbani, wanga utokane na mihogo iliyolimwa kwa kazi hiyo, na mali iwe ya ushirika wa wakulima wenyewe, wafanyakazi wakilipwa ujira wa haki. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walioko Morogoro, waupime mrija katika soda na katika chai ya moto, kwani ukilegea kabla ya chupa kwisha, mnunuzi atairudia plastiki.

Soko lipo. Umoja wa Ulaya uliondoa mirija ya plastiki madukani mwake tangu Julai 3, 2021. Tukilala, wengine watanunua magunzi yetu kwa senti na kutuuzia mirija kwa shilingi. Wanachama wa Gairo, amkeni mapema!