Subira Isiyouliza

Katika baraza zetu za Unguja na Pemba, mtu akiuguliwa na mumewe au mkewe kwa maradhi mazito, sifa ya kwanza anayovishwa ni subira. "Mashaallah, ana subira," husemwa, na mazungumzo yakaishia hapo. Makala haya yanaipinga sifa hiyo. Subira ina thamani yake, wala hilo silibishi. Ubaya ni kwamba tumeigeuza kawa. Tunamfunika nayo muuguzi asiulize, asidai, asitafute, kisha tunamtungia beti za kumsifu.

Tuitazame lukemia, yaani saratani ya damu. Haina uvimbe wa kuonyesha kwa kidole. Mgonjwa hupauka, huchoka, hutoka damu kwenye fizi, homa ikaenda na kurudi. Nyumbani husemwa kapungukiwa na damu. Jirani hunong'ona kwamba kakumbwa. Jina lenyewe halitajwi. Na sisi washairi tuna fungu letu katika kimya hicho. Kwa miaka mingi tumeifanya saratani istiara ya rushwa, ya usaliti, ya kila kilichooza. Neno tulilolibebesha uoza wote huo, mke atalitamka vipi mbele ya mumewe aliyelala kitandani?

Kuna dhulma nyengine, na hii ina mizizi katika fasihi tunayoienzi. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia binti yake utendi, mnamo mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na mumewe alikwisha kufariki. Tumeusoma utendi ule kizazi baada ya kizazi, tukachukua humo wajibu wa mke kwa mume. Maradhi ya mtungaji tumeyafanya dibaji tu. Nani alimuuguza yeye? Hatukuuliza, na hadi leo hatuulizi. Wapo waume ambao mke akizidiwa humrejesha kwao "akauguzwe na mamake". Mwanamke akifanya hivyo huitwa msaliti. Mwanamume akifanya, huambiwa kazi zimemwelemea. Kama ndoa ni mashua ya watu wawili, haifai mmoja ashuke bandarini pepo zikigeuka.

Hoja yangu ni kwamba kumuuguza mwenzi ni kutafuta, na kutafuta huanza kwa kuuliza. La kwanza la kuuliza ni aina. Lukemia si ugonjwa mmoja. Zipo aina nne kuu: mbili za ghafla, zinazoweza kuua katika wiki au miezi zisipotibiwa, na mbili za kwenda polepole. Aliyeambiwa "saratani ya damu" akarudi nyumbani bila ya kujua ni ipi, kapewa nusu ya jawabu.

Nusu iliyobaki inaweza kuwa uhai. Moja ya zile aina za polepole, inayoshika ukoo wa chembe nyeupe uitwao mailoidi, ilipatiwa dawa ya imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Ni dawa ya kumeza kila siku. Kuanzia mwaka 2002 ulikuwepo mpango wa kimataifa wa kuitoa bure kwa wagonjwa wasio na uwezo, na Kenya na Tanzania zilikuwemo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa muhimu. Wengi waliopata dawa hii na kuifuata bila ya kukatiza wameishi miaka mingi, wakalea na kuoza watoto. Sasa mfikirie mume aliyekaa kando ya kitanda akisubiri, akasifiwa na mtaa mzima, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Kaulize kama dawa ile inamfaa."

Kwa aina za ghafla, subira ya kukaa ni hatari zaidi. Mgonjwa aliyeanza tiba kali kinga yake huporomoka. Homa ya nyuzi 38 kwake ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo, si ya kungojea boti ya asubuhi. Chembe sahani anazoongezewa ili asivuje damu hazihifadhiki zaidi ya siku 5 hadi 7, kwa hiyo wachangiaji watafutwe tena na tena. Na pakitajwa kupandikizwa uboho, mapenzi ya mwenzi hayatoshi: uboho wake kwa kawaida haulingani na wa mgonjwa. Wa kupimwa kwanza ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kila mmoja wao ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu. Basi mwenzi atabisha hodi kwa mashemeji, hata wale aliokosana nao tangu siku ya harusi, awaombe mkono wa kutolewa damu ya kipimo. Kazi hiyo sijaiona katika shairi letu hata moja.

Wapo watakaosema haya ni kushindana na kudura. Lakini anayetawakali humfunga ngamia wake kwanza. Wapo watakaoshauri mitishamba ya "kusafisha damu". Hao nawaomba jambo moja: daktari aambiwe, kwani zipo dawa za miti zinazoharibu kazi ya dawa za hospitali ndani ya ini. Na kabla ya kuuza kiwanja kwa safari ya India, iulizwe wazi: tiba hii inakusudia kuponya, kurefusha maisha, au kupunguza maumivu? Mwenzi ana haki ya jawabu, hata likiwa chungu. Likiwa ni la tatu, hapo ndipo subira ya kweli inapoanza, nayo pia itadai dawa ya maumivu bila ya kuona haya.

Washairi wenzangu, tuiache saratani iwe jina la maradhi, na tumsifu muuguzi kwa alichokitafuta. Mimi naanza:

Mwenzi ukimuuguza, usikae kama jiwe,
Usichoke kuuliza, hadi jawabu upewe,
Ndwele kuitia kiza, haifanyi ipunguwe,
Subira isiyowaza, si subira, ni kiwewe.