Msamaha kwa Wenye Nacho

Siku hizi kila wanapokutana watu watatu wakalalamikia bei ya unga, wa nne hutokea na dawa yake: Serikali na iwatoze matajiri kodi ya utajiri. Si kodi ya mapato, bali kodi ya mali yenyewe, kila mwaka, kwa kila ambaye mali yake imepita kiwango fulani. Mimi ni miongoni mwa wanaoiunga mkono dawa hiyo. Hata hivyo, nimesoma habari za nchi zilizoijaribu, na nimeona kwamba ugomvi wa kweli haumo katika asilimia moja au mbili za kodi. Umo kule nyuma ya sheria, katika jedwali la misamaha, ambako wananchi hawafiki kwa kuwa macho yamekwisha kuchoka. Humo hukaa misamaha miwili ninayotaka tuitazame: wa hati za mkopo za Serikali, na wa mali ambayo mtu ana haki ya kuitumia maisha yake tu bila ya kuwa mwenyewe.

Wa kwanza siutaki hata kidogo. Wanaoutetea husema kwamba Serikali huhitaji kukopa, na ukitoza kodi karatasi zake, nani atamkopesha? Maneno haya yanasemwa kana kwamba wenye fedha wanatufanyia hisani. Hebu tukumbuke Februari 2024 hapa Kenya. Serikali ilitoa hatifungani, au bondi kama tulivyozoea kuziita, ya miundombinu ya miaka minane na nusu, kwa riba ya zaidi ya asilimia 18.4, isiyokatwa kodi hata senti. Ilitafuta shilingi bilioni 70. Waliojitokeza walileta zaidi ya bilioni 280, nayo Serikali ikachukua karibu bilioni 241. Je, huo ulikuwa mlango wa kubembelezea watu? Walikuwa wakikanyagana!

Fanya hesabu nami, msomaji. Aliyeweka milioni 100 katika hati ile anapata kama milioni 18 na nusu kwa mwaka, akiwa amelala. Mama muuza mboga aliyeweka akiba yake benki hukatwa asilimia 15 ya kile kiriba kidogo anachopata. Mwalimu hukatwa kodi kabla hajauona mshahara wake. Na hao wawili, kila wanunuapo sabuni, hutoa VAT ya asilimia 16, na katika fedha hizo ndimo inamolipwa ile riba ya yule aliyelala. Leo mtu aniambie kwamba kodi ya utajiri itakapokuja, bwana huyu asamehewe tena kwa sababu utajiri wake umeandikwa kwenye karatasi yenye muhuri wa Serikali! Mimi mwenyewe ninazo hati hizo kidogo, za uzeeni, na riba yake huniingilia kila baada ya miezi sita. Sizioni haya. Lakini sioni pia kwa nini kiwanja cha jirani yangu kihesabiwe na karatasi zangu zisihesabiwe.

Tena, katika mali zote duniani hakuna iliyo rahisi kuhesabiwa kama hii. Nyumba huhitaji mthamini, ng'ombe hufichwa bondeni, dhahabu huzikwa. Hatifungani imeandikwa katika daftari la Benki Kuu, jina na kiasi. Kuisamehe hiyo na kukimbizana na ng'ombe ni mchezo.

Wafaransa waliwahi kuonja msamaha wa namna hii, ingawa wao ulihusu kodi ya urithi. Mwaka 1952 Antoine Pinay, waziri mkuu na waziri wa fedha, alitoa mkopo wa riba ya asilimia 3.5, thamani yake ikifungwa kwa bei ya sarafu ya dhahabu, na hati zake zikasamehewa kodi ya urithi. Basi mzee akizidiwa, jamaa walikimbilia kumnunulia hati za Pinay kabla roho haijatoka, ili afe akiwa na utajiri usiotozwa. Daktari mlangoni huku, dalali mlangoni kule. Hati zile zilikuja kubadilishwa mwaka 1973, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya mazishi ya namna hiyo.

India nayo ilianza kodi ya utajiri mwaka 1957, kwa ushauri wa Nicholas Kaldor, mchumi wa Cambridge. Misamaha ikaongezwa mmoja mmoja, hata ikafika sheria ya 1992 iliyotoa nje hisa, hati na amana zote, zikabaki nyumba, magari, vito na mfano wa hayo. Mwaka wa fedha wa 2013–14 kodi ile ilileta rupia bilioni 10 na kidogo tu, katika nchi ya watu zaidi ya bilioni moja. Mwaka 2015 waziri wa fedha Arun Jaitley akaifuta, akisema gharama za kuikusanya ni kubwa na mapato ni haba. Kweli yalikuwa haba. Walimkata mtu miguu, kisha wakamshitaki kwa kutokutembea.

Msamaha wa pili ni jambo jingine, na hapa naomba tusiwe na haraka. Sheria yetu ya urithi, mumewe mtu akifa bila wasia akaacha watoto, humpa mjane haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake. Hukaa katika nyumba, hupokea kodi ya vyumba, lakini ardhi hawezi kuiuza ila kwa idhini ya mahakama. Sasa mchukue mjane wa Kileleshwa, aliyeolewa katika nyumba ya bustani ambayo leo imezungukwa na maghorofa. Mthamini atasema kiwanja kina thamani ya mamilioni mengi. Mjane atasema ana pensheni ya mumewe na kuku watano. Umtoze nini?

Huyu na asamehewe nyumba anayoishi. Lakini maneno hayo hayo ya kisheria ni kichaka kizuri cha tajiri. Baba mwenye maghorofa kumi huwaandikia watoto, akajiwekea haki ya kupokea kodi za wapangaji mpaka afe. Ukimfuata baba, ni mtumiaji tu. Ukiwafuata watoto, hawajashika kitu. Na sisi tayari tumeanza kulainisha njia: Sheria ya Fedha ya 2021 ilisamehe kodi ya mapato katika amana za familia zilizosajiliwa.

Mimi ningesema hivi: anayepokea kodi ya wapangaji ahesabiwe kama mwenye mali yote. Wafaransa, kwa jumla, humhesabu hivyo mtumiaji wa maisha. Kwa mjane, nyumba moja anayolala isitozwe. Na ikiwa ana kiwanja cha ziada asichoweza kukilipia, deni liandikwe kwenye hati ya ardhi na lingoje. Siku kiwanja kitakapouzwa, lilipwe kwanza. Kaunti zetu hufanya hivyo tayari: bila cheti cha kutodaiwa kodi ya ardhi, hakuna kiwanja kinachobadilishwa jina.