Mabango Yetu Yanapiga Kelele

Wadau, katizeni mji wa Singida kuanzia stendi mpaka sokoni mkisoma mabango. Duka la mbegu za alizeti limeandikwa kwa fonti nne, kila mstari na rangi yake, na ua la alizeti limevutwa hadi linafanana na sahani iliyobondeka. Namba ya simu, ambayo ndiyo mteja anaitafuta, imebanwa konani.

Wengine wanaita urembo. Mimi naita usumbufu.

Uswisi, miaka ya 1950, Josef Müller-Brockmann wa Zurich na wenzake waliugawa ukurasa kwa gridi, yaani mistari isiyoonekana inayoamua maandishi yakae wapi na picha wapi. Herufi hazina madoido, mistari yote inaanzia kushoto, nafasi tupu inaachwa ipumue. Mwaka 1957 ikatoka fonti ya Neue Haas Grotesk, na mwaka 1960 ikapewa jina la Helvetica. Mtindo ukasambaa duniani. Arial, iliyochorwa ilingane na Helvetica kwa upana, ilikuja na Windows 3.1 mwaka 1992, na leo ukiingia steshenari yoyote hapa mjini utaikuta. Kwa hiyo fonti tunayo. Nidhamu ndiyo hatuna.

Kuna atakayesema hayo ni mambo ya Wazungu. Basi aitazame kanga ya mama yake: pindo pembeni, mji katikati, jina chini. Rangi zinawaka, lakini hakuna anayehangaika kutafuta jina liko wapi.

Siwakubali Waswisi kwa kila kitu, lakini. Mabango ya Müller-Brockmann ya matamasha ya Tonhalle yanapendeza, ila bango la muziki wa dansi likipangwa kibaridi vile litafanana na fomu ya kodi. Wenye dansi waachwe na makelele yao.

Ninachogombana nacho ni matangazo ya umma. Mkulima ametoka Mkalama, amelipa nauli, anasimama mbele ya ubao wa matangazo kuulizia pembejeo. Juu kuna nembo tatu, zinafuata vyeo vya waliotoa tangazo, kisha aya nne za utangulizi. Tarehe ya mwisho ya kujiandikisha imezikwa kwenye aya ya tano, kwa herufi zile zile. Anaondoka bila kuiona, na msimu haumsubiri.

Kulipanga upya hakuhitaji bajeti. Karatasi ni ile ile, wino utapungua. Tarehe iwekwe juu, kushoto, kubwa, na vyeo vihamie chini.